Maswali kwa Sista: Mradi umeondoka, daftari limebaki

Anayejibu ni muuguzi mstaafu aliyefanya kazi kliniki za tiba na matunzo (CTC) Nyanda za Juu Kusini. Barua zimefupishwa, majina tumeyaacha.

*Sista, shikamoo. Mimi ni mwelimishaji rika hapa Makambako, mama wa watoto wawili. Naishi na VVU na dawa nameza vizuri. Kikundi chetu kilikuwa chini ya mradi wa fedha za Wamarekani. Tulikuwa tunapita baa, gesti na maegesho ya malori, tunagawa kondomu na vipimo vya kujipima, na mwenye kuhitaji tunamsindikiza CTC. Mwishoni mwa Januari 2025 tukaambiwa tusimame, turudishe vishikwambi na vizibao. Posho ikakatika. Wenzangu wengine wamerudi kuuza viazi stendi. Mimi daftari langu ninalo na wateja bado wananipigia simu usiku. Kila tukiuliza tunaambiwa "subirini maelekezo". Tusubiri mpaka lini? Na tusiposubiri, tuanzie wapi? (Mwelimishaji rika, Makambako)*

Marahaba, mwanangu. Msisubiri. Maelekezo mnayongoja yalishatoka zamani, ila hakuna aliyewasomea. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alisaini agizo la kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na siku chache baadaye miradi ikaamriwa kuacha kazi. Dawa za ARV, za kufubaza VVU, zikaja kuruhusiwa kuendelea kwa sababu zinaokoa maisha. Kupita baa usiku na mfuko wa kondomu hakukuhesabiwa kuwa kunaokoa maisha. Julai mosi mwaka huohuo USAID yenyewe, shirika la misaada la Marekani, ikafungwa. Hakuna mtu wa kukupigia simu kukurudishia kizibao.

Sasa nikuambie kwa nini kazi yako ina uzito, maana utatakiwa kuieleza mbele ya watu wenye haraka. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa 2022/23 ulikuta maambukizi kwa watu wa miaka 15 na kuendelea ni asilimia 4.4 kwa nchi nzima. Mkoa wenu wa Njombe ulikuwa asilimia 12.7, wa kwanza Tanzania. Hilo mnalijua na mmelichoka. Lakini ndani ya utafiti huo kuna jambo lingine: kati ya watu wazima wenye VVU, waliojua hali zao walikuwa asilimia 82.7 tu. Waliokwisha kujua, karibu 98 kati ya 100 walikuwa kwenye dawa, na wa kwenye dawa walio wengi virusi vyao vimefubaa. Maana yake mtu akishafika kliniki tunammudu. Tunayemkosa ni yule ambaye hajapima, na huyo haji mwenyewe saa nne asubuhi kukaa kwenye benchi letu. Anafuatwa alipo. Waliokuwa wanamfuata ni nyinyi, na nyinyi ndio mliokatwa.

Kwa hiyo daftari. Ningekuwa hapo ningekuomba unifungulie nilione. Naamini lina majina na namba za simu za watu. Hayo yaondoe leo hii. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya mtu, na daftari likidondoka kwenye bodaboda umemmaliza mtu mzima na ndoa yake. Anza daftari jipya, la hesabu tupu: tarehe, mahali, wangapi wameomba kipimo cha kujipima na hakikuwepo, wangapi wameomba kondomu na boksi lilikuwa tupu, nani (kwa umri na kazi, bila jina) alifika kituo akaambiwa arudi kesho. Safu ya mwisho iandikwe "sababu aliyopewa". Safu hiyo ndiyo yenye utamu. "Mhusika hayupo." "Chumba kimehamishiwa OPD, kwa wagonjwa wa nje." "Njoo Jumanne." Miezi miwili ya daftari hilo, mkipokezana wanne au watano, itasema kuliko bango lolote. Wataalamu wameipa kazi hiyo jina refu, ufuatiliaji unaoongozwa na jamii. Nyinyi semeni tumehesabu.

Halafu mpeleke wapi? Wengi hukimbilia mkoani au kutafuta mfadhili mwingine. Mimi nasema anzeni kwa diwani. Makambako mna halmashauri yenu ya mji, na diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Vipaumbele vya mitaa na kata hukusanywa miezi ya mwisho wa mwaka, baraza la madiwani linapitisha bajeti mwanzoni mwa mwaka, Bunge linakaa Aprili mpaka Juni, na fedha zinaanza kuhesabiwa Julai mosi. Ukienda Mei na barua yako nzuri utakaribishwa chai, utasifiwa, utarudi nyumbani. Nenda Oktoba.

Na ombeni jambo dogo lenye bei. Msiandike "tunaomba msaada wa mapambano dhidi ya UKIMWI", hiyo haina pa kuwekwa kwenye bajeti. Andikeni: nauli na posho ya waelimishaji rika kadhaa kwa mwaka, usafiri wa kufikisha kondomu kwenye baa na gesti, na zahanati moja kufunguliwa jioni mara mbili kwa wiki kwa ajili ya madereva na wahudumu wa baa. Mkiulizwa fedha zitoke wapi, jibu mnalo: baa hizohizo mnazopita zinalipa leseni ya vileo, na leseni hiyo ni mapato ya ndani ya halmashauri. Nyamazeni hapo, mwacheni mweka hazina ajikune kichwa.

Mratibu wa UKIMWI wa halmashauri naye muulizeni swali lake. Bajeti ya taifa ya 2025/26 ilikuja na tozo, nyingine kwenye mafuta na vinywaji, kwa ajili ya Mfuko wa UKIMWI na bima ya afya kwa wote. Ni hatua nzuri na niliipigia makofi mwenyewe nikiwa sebuleni. Lakini fedha za mfuko zikienda kwenye dawa peke yake, kinga itabaki yatima vilevile. Muulizeni mji wenu umeomba nini kwenye mfuko huo, na kinga imo?

Kuna watakaowaambia kazi yenu sasa itafanywa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, kwa mpango uliozinduliwa Januari 2024. Nawaheshimu sana, wengine nimewafundisha. Ila mhudumu wa mtaa huchaguliwa na mtaa, na mtaa humchagua mama mwenye heshima zake, wa kwaya. Binti wa baa hatamwambia mama wa kwaya kwamba kondomu ilipasuka jana. Atakuambia wewe. Ombeni mwelimishaji rika na mhudumu wa jamii wafanye pamoja, na msikubali mmoja amezwe na mwingine.

Jambo la mwisho kwako. Kwenye semina za siku hizi kila mzungumzaji anaanza na "mtegemea cha nduguye hufa maskini". Akiianza mbele yenu, mvumilieni, amalize, halafu mfungulieni daftari.

*Sista, mimi nina kisukari mwaka wa tisa. Dawa nanunua, vitepe vya kupimia sukari nanunua. Wenye UKIMWI wanapewa bure na bado mnatuandikia kila toleo wanaonewa. Usawa uko wapi? (Baba wa Mafinga)*

Hujakosea kuuliza, baba, na nimechoka na watu wanaojifanya swali hili ni la roho mbaya.

ARV zilianza kutolewa bure nchini 2004. Kabla ya hapo nilikuwa wodini. Mwenye fedha aliagiza nje, asiye nazo tulimfunika shuka. Hazikuja kwa huruma ya mtu. Watu wenye virusi, hapa na nchi nyingine, walijitokeza na sura zao, wakaunda vikundi, wakang'ang'ania kwenye milango ya wakubwa mpaka bei ikashuka na serikali na wafadhili wakafungua mifuko. Na mtu mwenye VVU anayemeza dawa mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Dawa yake inakukinga na wewe na mwanao.

Kinachokuuma ni halali. Dawa yake ikikatwa, ya kwako haitashuka bei hata shilingi. Waulize wale wa kikundi cha wenye VVU cha kituo chenu wamewezaje kupata mjumbe kwenye kamati ya kituo, halafu wenye kisukari wa Mafinga mkae pamoja. Mkianza, niandikie, ukurasa huu ni wenu pia.

*Shikamoo Sista. Mume wangu ni dereva wa masafa, Tunduma mpaka Lubumbashi, anakaa huko wiki tatu. Nilienda kituoni kuomba dawa kinga, zile za kumeza ili nisiambukizwe VVU, nikaambiwa kwa sasa ni za wajawazito na wanaonyonyesha tu. Mimi si mjamzito. Nisubiri mimba? (Mama lishe, Tunduma)*

Marahaba. Swali lako la mwisho limenichekesha, halafu likaniudhi.

Uliyoambiwa yana chanzo. Februari 2025 Wamarekani waliporuhusu baadhi ya huduma ziendelee, dawa kinga walizibakiza kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Lilikuwa sharti la fedha zao, na sayansi haikusema hivyo. Mwanamke ambaye mume wake yuko njiani wiki tatu na hajui amelala wapi yuko kwenye hatari, awe na mimba asiwe nayo. Rudi, umuulize mganga mfawidhi, si wa dirishani: "Mwongozo wa taifa unanihesabu kwenye hatari au haunihesabu? Kama hapa hakuna, kituo gani kinazo?" Akikosa jibu, mwelimishaji rika wa hapo Tunduma huwa anajua zilipo.

Utapimwa VVU kwanza. Usimeze vidonge vya jirani bila kipimo. Vidonge ni kila siku, havikukingi tangu kidonge cha kwanza, kwa hiyo uliza siku ngapi utumie kondomu mwanzoni. Havizuii mimba wala kisonono. Na ikitokea jambo kabla hujaanza, kuna dawa za dharura za siku 28, lakini uanze ndani ya saa 72, mapema zaidi ndiyo bora.

Pengine umesikia pia habari za sindano ya kinga ya mara mbili kwa mwaka, lenacapavir. Ni kweli: kwenye jaribio lililotangazwa 2024, lililofanyika Afrika Kusini na Uganda, wanawake 2,134 walichomwa na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Toleo la bei nafuu, la dola 40 kwa mwaka kwa mtu mmoja, limeahidiwa kuanzia 2027. Ulizia kituoni, lakini usikae mikono mitupu ukiingoja.

Na mume akirudi, mpe kipimo cha kujipima kabla ya ugali. Kinanyonya mate kwenye fizi, dakika ishirini, hakina sindano. Madereva wengi hukubali wakiona mke naye anapima.