Maswali na Majibu: Mnyama Aliyetoweka Anaweza Kurudi?

Je, imewahi kutokea hata mara moja mnyama aliyekwisha kutoweka akazaliwa tena? (Msomaji, Tanga)

Imetokea mara moja, na kwa dakika chache tu. Katika milima ya Pyrenees, inayozitenganisha Hispania na Ufaransa, aliishi mbuzi-mwitu aitwaye bucardo. Wa mwisho wao, jike aliyepewa jina la Celia, alikutwa amekufa Januari 2000 baada ya kuangukiwa na mti, lakini mwaka uliotangulia watafiti walikuwa wamemkata kipande kidogo cha ngozi ya sikio na kukigandisha. Baadaye walichukua mayai ya mbuzi wa kufugwa, wakaondoa viini vyake, wakaweka mahali pake viini vya seli za Celia, kisha wakapandikiza viinitete hivyo, yaani mimba changa kabisa, kwa majike wengine wa jamii ya mbuzi. Kati ya viinitete 208 vilivyopandikizwa, mimba 7 ndizo zilizoshika, na ni moja tu iliyofikia kuzaa, Julai 2003. Mtoto huyo alizaliwa na kasoro kubwa ya mapafu, akafa akihangaika kupata pumzi. Kwa hiyo bucardo ametoweka mara mbili.

Na dinosauria? (Mwanafunzi wa sekondari, Mombasa)

Hapana. Vinasaba huanza kukatikakatika mara mnyama anapokufa, na baridi huchelewesha tu uharibifu huo. Vinasaba vya kale zaidi vilivyowahi kusomwa, vya Greenland, vina umri wa takriban miaka milioni 2, ilhali dinosauria walikwisha miaka milioni 66 iliyopita. Mfupa uliogeuka jiwe hauna cha kunakiliwa.

Nilisoma kwamba Wamarekani wamemrudisha mbwa mwitu wa kale, na kwamba mamothi, yule tembo wa kale mwenye manyoya, atafuata. Ni kweli? (Msomaji, Dodoma)

Habari hiyo ilitangazwa na kampuni ya Colossal Biosciences mwaka 2025, nayo inahitaji kusomwa taratibu. Watoto watatu walizaliwa kweli, na ni wazima, lakini seli walizotokana nazo ni za mbwa mwitu wa kijivu wa siku hizi, zilizofanyiwa mabadiliko 20 katika jeni 14 ili zifanane na za yule wa kale. Kwa maoni yangu, huyo ni mbwa mwitu wa kijivu aliyevishwa baadhi ya sifa za marehemu, na wanabiolojia wengi walisema hivyo hivyo.

Mamothi ana tatizo lile lile, tena kubwa zaidi. Jenomu yake, yaani vinasaba vyake vyote, imesomwa kutoka kwenye mizoga iliyoganda Siberia, lakini kusoma maandishi si sawa na kuwa na seli hai inayoweza kugawanyika. Njia iliyobaki ni kuhariri seli za tembo wa Asia, ambaye hubeba mimba kwa takriban miezi 22 na ambaye mwenyewe yumo hatarini. Akizaliwa mtoto, tutakuwa na tembo mwenye manyoya mengi.

Sisi tulio jirani na hifadhi ya Ol Pejeta tunawaona Najin na Fatu. Je, faru weupe wa kaskazini wana matumaini? (Msomaji, Nanyuki)

Hapa ndipo ningeweka matumaini yangu, kwa sababu moja: seli zilihifadhiwa zingali hai. Sudan, dume wa mwisho, alikufa Machi 2018, na majike wawili waliobaki, mama na binti yake, hawawezi kubeba mimba. Lakini Fatu bado hutoa mayai. Tangu 2019 mayai yamekuwa yakivunwa, yakasafirishwa hadi maabara nchini Italia, yakatungishwa kwa mbegu za madume waliokwisha kufa, na viinitete vikahifadhiwa katika nitrojeni ya kimiminika. Vitabebwa na faru weupe wa kusini, ambao ni ndugu wa karibu.

Kwamba jambo hilo linawezekana kulionekana Januari 2024, ilipotangazwa kuwa faru wa kusini aliyepandikizwa kiinitete cha kusini alishika mimba. Alikufa kwa maambukizi ya bakteria, na uchunguzi wa mzoga ukaonyesha kijusi cha kiume cha siku 70, chenye urefu wa sentimita 6.4, kilichokuwa kikikua vizuri. Ugumu uliobaki ni uchache wa wazazi, kwani mayai yote yatokayo kwa jike mmoja hayawezi kujenga kundi lenye afya. Ndiyo maana wengine wanajaribu kugeuza seli za ngozi zilizogandishwa kuwa mayai, jambo ambalo limefanikiwa kwa panya huko Japani. Upo pia ugumu wa wakati, usiozungumzwa sana: ndama atahitaji kuwakuta Najin na Fatu wakiwa hai, ajifunze kwao tabia za kifaru.

Je, vyura wa Kihansi nao walifufuliwa maabara? (Msomaji, Morogoro)

La, hawakufufuliwa, kwa kuwa hawakuisha wote. Mwaka 2000, bwawa la umeme lilipopunguza maji ya maporomoko ya mto Kihansi, ambayo manyunyu yake ndiyo makao yao, karibu vyura 500 walipelekwa Marekani, wakazaliana katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini, na 2012 wakaanza kurejeshwa Udzungwa. Maji yao, hata hivyo, yalikuwa bado yanaendesha mitambo, hivyo sehemu ya manyunyu waliyoyakuta bondeni ilitoka kwenye mabomba.