Re: Rauta ina 5 GHz lakini simu zote zimeng'ang'ania 2.4

Mkuu, umeuliza kwa nini simu zote za ofisini zinarundikana kwenye masafa ya Wi-Fi ya 2.4 GHz wakati yale ya 5 GHz yako tupu. Rauta haina kauli ya mwisho hapo. Simu ndiyo inayochagua, na nyingi hufuata mawimbi yenye nguvu zaidi. 2.4 hupenya kuta vizuri, kwa hiyo hushinda hata ikiwa na foleni.

Ingia kwenye mipangilio, ushushe nguvu ya kurusha ya 2.4. Wengi hukimbilia kuongeza, na ndipo wanapoharibu. Upana wa chaneli (kijia ndani ya masafa) hapo uache 20 MHz, chagua chaneli 1, 6 au 11, maana hizo haziingiliani. Kwenye 5 GHz weka 80 MHz, isipokuwa Wi-Fi za majirani ziwe zimejaa hapo.

Kisha zipe 2.4 na 5 GHz jina moja la Wi-Fi, uwashe Smart Connect (kipengele cha rauta cha kuisukuma simu kwenda 5 GHz) kama ipo. Rauta itachelewa kuijibu simu kwenye 2.4 ili ijaribu 5 kwanza. Simu kuukuu zikianza kukatakata, tenganisha majina. Printa na kamera za bei chee nyingi hazina 5 GHz kabisa, hizo ziache hukohuko 2.4.