Mkono wa Hals, mkono wa Codde

Swali: Nasikia picha moja ya wanamgambo wa Amsterdam ilianzwa na Frans Hals, ikamaliziwa na mchoraji mwingine. Wachoraji mnatambuaje nani alichora wapi?

Jibu: Picha hiyo inaitwa De Magere Compagnie, nayo iko Rijksmuseum, jumba la makumbusho la Amsterdam, Uholanzi. Ina watu 16, kila mmoja kuanzia kichwani hadi miguuni. Hals aliagizwa kuichora mwaka 1633. Aliianza Amsterdam, kisha akataka wateja wamfuate nyumbani kwake, mji wa Haarlem, aimalizie huko. Wakakataa. Wakamwahidi gilda (fedha ya Uholanzi wakati huo) 66 kwa kila mtu badala ya 60 ili arudi, naye hakurudi. Mwaka 1637 kazi ikamaliziwa na Pieter Codde.

Anzia kushoto kabisa, kwa yule mshika bendera aliyevaa kijivu. Mchoraji Van Gogh alimwona mwaka 1885, akamsifu mno katika barua kwa ndugu yake, na mimi namwelewa. Ukisogea karibu, lesi haina nyuzi hata moja iliyochorwa: ni mipigo ya rangi nyeupe tu, mingine mizito, mingine imeburuzwa. Hals aliweka rangi juu ya rangi ingali mbichi, kisha akaacha alama ya brashi ilivyo, bila kuilainisha. Rudi nyuma hatua chache, ile mipigo inageuka kitambaa kinachong'aa. Hilo halifanyiki kwa haraka tu. Kila mpigo lazima uwe na rangi sahihi tangu mwanzo, maana ukiugusagusa, rangi zinachanganyikana na kuwa tope.

Sasa nenda kulia. Codde alizoea picha ndogo za karamu na askari wakiwa lindoni, na mkono wake ni wa mtu wa vitu vidogo: kingo zimelainishwa, lesi imefuatwa tundu kwa tundu, mikunjo ya nguo imetulia. Alijitahidi kumfuata Hals, na kwa kweli alifanya kazi ya heshima.

Katikati ndiko kugumu. Hals alishapanga watu wote, kwa hiyo usitafute mstari ulionyooka unaowatenganisha hao wawili. Mtu mmoja pichani anaweza kuwa amechorwa na wote wawili.

Makumbusho hiyo imeweka picha zake mtandaoni bure, kwa ubora wa juu. Tafuta De Magere Compagnie, ikuze, kisha linganisha kola na viganja vya watu wa pembeni kabla ya kuangalia nyuso.