Maswali ya Wasomaji: Ngome za Pwani Zilijengwa na Nani, na Tuanzie Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni marafiki sita tuliosoma pamoja hapa Morogoro, na tumekuwa tukiweka akiba kwa ajili ya safari ya wiki moja ya kutembelea ngome za kale za pwani. Tumeorodhesha Kilwa Kisiwani, Unguja, Mombasa, Lamu na Siyu. Mwenzetu mmoja anasema ngome zote hizo ni za Wareno, na kwamba ukiiona moja umeziona zote. Je, anasema kweli? Na muda ukitubana, tuache zipi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Mwenzenu amekosea, ingawa hayuko peke yake, kwa hiyo nitaanza na hoja yake kabla ya kufika kwenye ratiba. Katika orodha yenu yote, ngome ya Wareno iliyosalia ni moja tu, nayo ni Fort Jesus ya Mombasa. Huko Kilwa, Wareno walijenga ngome mwaka 1505 wakaihama mwaka 1512, na jengo linaloitwa Gereza, ambalo mtalikuta ufukweni, ni la Waomani waliolijenga upya mahali hapo baadaye sana. Ngome Kongwe ya Unguja nayo ni ya Waomani, waliyoijenga baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, palipokuwa na kanisa la Wareno. Ya Lamu ilikamilika mwaka 1821, baada ya watu wa Lamu kuwashinda Wamazrui wa Mombasa na washirika wao wa Pate katika vita vya Shela, kisha wakaomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman. Ya Siyu ina historia ya pekee, kwani Makumbusho ya Taifa ya Kenya yanaieleza kuwa ni kazi ya wenyeji wenyewe, na mji huo ndio uliojulikana kwa kuyapinga majeshi ya Seyyid Said huyo huyo. Kwa hiyo kila mnapofika mbele ya ukuta, ulizeni ni nani aliyeujenga na alikuwa akimhofia nani, maana majibu yatatofautiana kutoka mji mmoja hadi mwingine.

Fort Jesus inahitaji siku nzima. Ilijengwa kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa amri ya Mfalme Philip wa Pili wa Hispania, ambaye wakati huo alitawala pia Ureno, na aliyeichora ni Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Tembeeni juu ya kuta zake mkitazama jinsi buruji zilivyochomoza kwenye pembe, ili walinzi wa buruji moja waweze kumpiga adui aliyefika chini ya ukuta wa buruji nyingine. Hata hivyo, ustadi huo haukuwaokoa Wareno. Waomani waliizingira ngome hiyo kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na waliokuwa ndani waliteketea zaidi kwa maradhi kuliko kwa silaha, hata ikafika wakati ulinzi ukawa mikononi mwa Bwana Dau wa Faza pamoja na Waswahili waliokuwa upande wa Wareno. Jambo hili husahaulika mno katika masimulizi yetu: Waswahili walikuwamo ndani ya kuta na nje yake pia, kila mji ukifuata maslahi yake. Meli ya Kireno iitwayo Santo António de Tanná, iliyokuja kutoa msaada, ilizama chini ya ngome mwaka 1697, na baadhi ya vitu vilivyoopolewa humo vimo katika makumbusho ya ngome. Msitoke bila kuviona.

Sasa ratiba. Kwa wiki moja, ningeacha Lamu na Siyu kwa safari nyingine. Siyu iko katika kisiwa cha Pate, na mashua za kule husubiri maji yajae, hivyo mtu mwenye haraka hupata taabu bure. Anzeni na Kilwa, rudini Dar es Salaam mvuke kwenda Unguja, kisha mmalizie Mombasa, mkikumbuka pasi za kusafiria. Epukeni miezi ya masika, kuanzia Machi hadi Mei.

Kilwa msiipunguzie muda kwa sababu yoyote. Kabla ya kuvuka, chukueni kibali Kilwa Masoko, na mwombeni mwongozaji anayeishi kisiwani. Mkishaliona Gereza, nendeni hadi Husuni Kubwa, ambayo, licha ya jina lake lenye maana ya ngome, ilikuwa kasri. Ilijengwa katika karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ikiwa na vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane juu ya mwamba unaotazama bahari. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa utawala wa sultani huyo, na kuusifu mji. Naona ni muhimu sana kwa vijana kuyaona magofu haya kabla ya kuiona Mombasa, ili wajue kwamba ujenzi mkubwa wa mawe ya matumbawe na chokaa ulikuwapo pwani hii karibu karne mbili kabla ya Mreno yeyote kutia nanga.

SWALI: Je, inaruhusiwa kuchukua kigae kidogo kama kumbukumbu, au kupanda juu ya kuta za magofu ili kupiga picha?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana, yote mawili. Kigae kilichookotwa kinampotezea mtafiti ushahidi wa mahali kilipokuwa, na vigae vya Kichina vya Kilwa ni miongoni mwa vielelezo vya biashara yake ya kale. Magofu hayo yaliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, kisha kuanzia mwaka 2004 hadi 2014 yakawa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Picha pigeni mkiwa chini, na mkikuta jiwe limeng'oka, mwonyesheni mwongozaji aitaarifu ofisi inayohusika.