Sherehe kwa Waperu wa Paterson: Nendeni Wengi, na Ulizeni Kabla ya Kuagiza

Kama mna mahafali, siku ya kuzaliwa ya bibi au mgeni aliyewasili kutoka nyumbani, na mnaishi pande hizi za New Jersey, nendeni Paterson kwa Waperu. Na nendeni wengi. Meza ya watu wawili katika mgahawa wa familia wa Kiperu haina raha yake, kwa sababu sahani ni kubwa na utamu wake ni kuonja kwa mwenzako.

Paterson ni mji wa zamani wa viwanda vya hariri. Waperu ni wengi hapo kiasi kwamba nchi yao ina ubalozi mdogo mjini, na mwaka 2016 eneo moja la katikati likapewa jina la Peru Square. Migahawa ninayoizungumzia ni ile ambayo baba yuko jikoni, mama anashika fedha, binti ndiye mhudumu, na bibi yao amekaa pembeni akikagua kila sahani inayopita. Muziki uko juu. Watoto wanakimbia kati ya meza na hakuna anayewakodolea macho. Nina shangazi ambaye kicheko chake kiliwahi kugeuza vichwa vya watu katika mgahawa wa kifahari Manhattan. Paterson kicheko hicho hakifiki hata meza ya pili.

Anzeni na kuku, pollo a la brasa. Analowekwa viungo, anazungushwa juu ya makaa mpaka ngozi inakuwa kahawia, kisha anakatwa na kuletwa na chipsi, saladi na mchuzi wa kijani wenye pilipili. Aliyeanzisha mtindo huu nje kidogo ya Lima miaka ya 1950 alikuwa Mswisi, Roger Schuler, na siku hizi Waperu wana siku rasmi ya kuku huyu kila Jumapili ya tatu ya Julai. Mmoja mzima anatosha watu watatu au wanne. Watoto waliozaliwa huku, ambao ukiwapa kitu kipya wanakunja pua, hawajawahi kukataa chipsi kuku, kwa hiyo hao mmeshamalizana nao.

Wazee wana kazi zaidi. Mama yangu alipoletewa ceviche, samaki mbichi aliyekolezwa ndimu, vitunguu na pilipili, aliisogeza sahani kwa kidole kimoja. "Mwanangu, huyu hajapikwa." Nilimwambia ndimu imemgeuza rangi. "Rangi siyo moto," akajibu. Na kwa kweli ana hoja: ndimu haiui vijidudu kama moto unavyoua, kwa hiyo mjamzito au mtu mwenye kinga dhaifu aipite sahani hiyo. Wengine msiikose. UNESCO iliiweka ceviche kwenye orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2023, na mimi ningeipa nafasi hiyo kwa sababu ya ule mchuzi wa chini tu.

Mama nilimpata kwa anticuchos. Ni moyo wa ng'ombe uliokatwa vipande vyembamba, ukalowekwa kwenye siki, vitunguu saumu, bizari ya pilau na pilipili nyekundu, kisha ukachomwa kwenye vijiti. Yeye aliona mishkaki na akaendelea kula bila maswali. Baadaye ndipo nilipomweleza kwamba chakula hiki kinahusishwa na Waafrika waliopelekwa Peru utumwani, ambao waliachiwa nyama za ndani mabwana walipochukua minofu. Utumwa ulifutwa huko mwaka 1854. Hata ngoma ya sanduku, cajón, ambayo mpigaji huikalia na kuipiga kwa viganja, ni ya Waafrika hao hao. Ukibahatika kwenda siku ambayo kuna mpiga cajón na gita, mkaribisheni mezani kwenu wakati wa keki.

Ongezeni lomo saltado, nyama iliyokaangwa haraka kwa moto mkali na vitunguu, nyanya na mchuzi wa soya, ikaliwa na chipsi na wali kwa pamoja. Mkono wa Wachina huo. Walianza kupelekwa Peru kama vibarua mwaka 1849. Mihogo ya kukaanga ipo pia, na hiyo haihitaji maelezo kwa mtu wa Tanga.

Sasa sisi Waislamu. Kuepuka nguruwe peke yake hakutoshi. Wapishi wengi huloweka kuku kwenye bia nyeusi, wali wa kijani wa kuku (arroz con pollo) mara nyingi hupikwa na bia, na seco, mchuzi mzito wa nyama na majani ya giligilani, unaweza kutiwa chicha de jora, pombe ya mahindi. Soseji za watoto nazo mziulizie. Piga simu siku moja kabla, uulize kwa upole. Katika mgahawa wa familia anayepokea simu mara nyingi anamjua mpishi kwa sababu ni mumewe. Nyama yenyewe si lazima iwe ya halali, kwa hiyo wengi wetu huagiza jalea, mlima wa samaki na viumbe wengine wa baharini waliokaangwa, juu yake vitunguu na ndimu.

Vinywaji: agizeni jagi la chicha morada, mahindi ya zambarau yaliyochemshwa na maganda ya nanasi, mdalasini na karafuu. Haina kileo. Jina tu linafanana na ile nyingine, basi tamkeni "morada" vizuri. Watoto watataka Inca Kola kwa rangi yake ya njano. Mimi inanishinda kwa sukari. Kama kwenye kundi lenu wapo wanaokunywa, jueni kwamba leseni za pombe New Jersey ni chache na ghali, kwa hiyo migahawa mingi midogo haiuzi na humruhusu mteja kuja na chupa yake. Ulizeni kwanza.

Muda mzuri ni Jumapili mchana. Waperu wenyewe ceviche ni chakula chao cha mchana, na ukienda saa tatu usiku unaweza kukuta imeisha. Epukeni Siku ya Mama, Jumapili ya pili ya Mei, maana Peru na Marekani wanaiadhimisha siku hiyo hiyo na foleni inafika barabarani. Tarehe 28 Julai, siku ya uhuru wao, ni vurugu tupu, lakini vurugu ya kupendeza. Siku hiyo nendeni bila haraka na bila watoto wachanga. Mkibuku meza, ombeni iwe mbali na spika kama mna mzee, na waambieni mtakuja na keki yenu. Wengi hawakatai, ila hawapendi kushtukizwa.

Bili sasa, hapo ndipo ndugu hukosana. Bei za menyu hazijajumuisha kodi ya mauzo, asilimia 6.625, na kundi kubwa mara nyingi huongezewa bakshishi moja kwa moja. Isomeni bili kabla hamjaweka nyingine juu yake. Kama mnagawana, mwambieni mhudumu mnapokaa, siyo akishaleta karatasi moja ya watu kumi na tano. Chakula kilichobaki mtafungiwa, na mkiomba kopo la ziada la ule mchuzi wa kijani mtapewa, pengine bure, pengine kwa dola moja. Uwekeni kwenye friji na uliwe kesho yake. Ukikaa zaidi unapoteza ladha.