Kuthibitisha milingano ya trigonometria: usiivuke alama ya sawa

Kwenu mnaoanza hisabati mwaka wa kwanza pale Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi: shule ya upili mlizoea kuitafuta x. Swali likisema thibitisha, x haitafutwi. Umeambiwa pande mbili ni sawa kwa kila pembe ambayo zote zina thamani, nawe uonyeshe njia ya kutoka upande mmoja hadi wa pili.

Kwa hiyo usihamishe kitu kuvuka alama ya sawa. Ukifanya hivyo umeshakubali jambo lenyewe unalodaiwa. Chukua uongo huu: sin x = −sin x. Zidisha kila upande kwa wenyewe, utapata sin²x = sin²x. Kweli tupu! Msahihishaji akikunyima alama kwa njia hiyo, usimnung'unikie.

Shika upande wenye vurugu zaidi uupunguze. Tuseme umepewa

sin x / (1 + cos x) = (1 − cos x) / sin x

Anza kushoto. Zidisha juu na chini kwa (1 − cos x). Chini inakuwa 1 − cos²x, yaani sin²x. Sin x moja ya juu inaondoka na moja ya chini, na umefika. Hila hii ya kubadili alama ya katikati itawafaa sana. Kila mkiona 1 + cos x au 1 − sin x chini ya sehemu, ifikirieni kwanza.

Mkikwama, geuzeni kila kitu kiwe sin na cos. Ni njia ndefu, lakini hufika. Wala msikariri kila kanuni: gawanya sin²x + cos²x = 1 kwa cos²x, na 1 + tan²x = sec²x inajitokeza yenyewe (sec x ni 1 / cos x).

Kabla ya yote, jaribu kwa kikokotoo. Kwa 30°, pande zote mbili hapo juu zinatoa takriban 0.268. Epuka 45°, maana sin na cos zinalingana hapo na makosa hujificha. Jaribio halithibitishi chochote, ila litakuokoa na swali ulilonakili vibaya ubaoni (wa viti vya nyuma mnanielewa).

Tena, angalia x = 0: kushoto unapata 0, kulia unapata 0 kugawanya kwa 0. Wahadhiri wengine hawajali, wengine wanajali mno. Andika mwanzoni kwamba sin x si 0, uendelee.