Ufa Juu ya Nyumba

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Nyumba yetu iko chini ya mlima. Baada ya mvua kunyesha mfululizo nilipanda juu nikakuta ufa mrefu umekatiza mteremko, kiganja changu kinaingia. Mume wangu anasema ni nyufa za kawaida za ukame, tuufukie tu, na mvua yenyewe imeshakatika. Je, hatari imepita?
Mama Watoto

JIBU: Marahaba, mwanangu. Haijapita. Leo lala kwingine na watoto, maelezo ni haya.

Nyufa za ukame hupasua ardhi ovyo, huku na huku, na udongo ukishanywa maji hujifunga. Huu wako umefunguka wakati wa mvua, tena umekatiza mteremko. Maana yake kipande kizima kilicho chini yake kimeanza kuachana na mlima. Tazama kingo zake: ule wa chini ukiwa umeshuka kuliko wa juu, hata kwa unene wa kidole, usingoje dalili nyingine.

Kuhusu mvua kukatika: maji hupenya ardhini polepole. Yanaweza kuchukua siku, hata wiki, kufika kwenye tabaka la mwamba au la udongo wa mfinyanzi yasikoweza kupita, yakatuama hapo. Yakijaa kati ya chembe za udongo huzisukuma, na msuguano uliokuwa umezishikilia hupungua. Zaidi ya hayo kuna uzito, kwani mita moja ya ujazo ya maji ni kilo 1,000. Ndiyo maana mteremko huweza kustahimili mvua yote, kisha ukaporomoka jua likiwaka.

Kuufukia ni sawa, maana ufa ulio wazi huingiza maji. Shindilieni mfinyanzi, na juu yake chimbeni mfereji wa kuyapeleka maji pembeni. Lakini kufukia hakuuzuii mlima. Kwa hiyo kwanza pigilia vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, upime umbali kati yavyo kila asubuhi kukiwa kukavu. Mwendo ukiongezeka siku hadi siku, asikanyage mtu tena huko.

Nasisitiza kwa sababu ya Vajont, Italia. Mwaka 1960 ufa wa kilomita 2 hivi ulionekana kwenye mlima Toc, juu ya bwawa jipya. Wahandisi walipima mwendo wa mlima wakaamini wataudhibiti kwa kupandisha na kushusha maji ya bwawa. Usiku wa tarehe 9 Oktoba 1963 zaidi ya mita za ujazo milioni 250 za mlima ziliingia bwawani kwa chini ya dakika moja. Wimbi liliruka ukuta, likaufagia mji wa Longarone. Watu karibu 2,000 walikufa. Ukuta wa bwawa umesimama mpaka leo. Vipimo walikuwa navyo, ila watu wa Longarone hawakuhamishwa, na jambo hilo linaniuma kila ninapoandika kuhusu milima.

Angalia pia milango iliyoanza kukwama, miti iliyoinama pamoja, chemchemi mpya. Kubwa kuliko zote ni kijito kupungua ghafla huku mvua ikinyesha: huenda udongo umekiziba huko juu, na utakapoachia utakuja wote kwa mkupuo. Hapo kimbieni kando, mpande sehemu ya juu, msifuate bonde.

Msichimbe chini ya mteremko kupanua uwanja, maana udongo ule wa chini ndio unaouzuia wa juu. Miti pandeni, ila mizizi hushika udongo wa juujuu tu, na kipande kinachoteleza kwa kina hushuka na miti yake.

Toeni taarifa serikali ya mtaa leo hii, mwombe mtaalamu wa jiolojia aje. Mume wako akiuliza mtarudi lini, mwambie: mtaalamu akishaukagua mteremko na kuridhika, na vigingi vile vikimaliza msimu wote wa mvua bila kuachana.